Mwizi Asiyejua Nukta

Miaka kumi na minne Bi Nukta alikalia kiti kilekile, mgongo umeelekea dirisha asilokuwa na haja nalo, akisoma vitabu kwa ncha za vidole na kukamata makosa ya watu. Karakana yao ilitengeneza vitabu vya nukta nundu kwa wanafunzi wasioona, na hakuna ukurasa uliotoka mlangoni kabla vidole vyake havijapita juu yake. Jina hilo la utani alipewa na wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa mchapaji. Likanata, hata meneja akasahau lile lililoandikwa kwenye mkataba wa kazi.

Wiki ile walikuwa na kitabu kimoja tu kichwani: juzuu la pili la sayansi, sura ya nane mpaka ya kumi na mbili, nakala tisa, kwa watahiniwa tisa wa shule ya wasioona. Gari la shule lingekuja Ijumaa saa sita mchana. Likishaondoka, halirudi mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao mtihani ungekuwa umeshapita.

Bi Nukta hakuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Enzi zake hakukuwa na kitabu cha sayansi cha kushika. Alisomewa na mwenzake wa dawati, mtu mwema lakini mvivu wa ulimi, aliyekuwa akiruka kila neno gumu. Aliingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na nusu ya mmeng'enyo wa chakula na robo ya mzunguko wa damu, akaanguka mtihani. Tangu hapo aliapa kimoyomoyo kwamba hakuna mtoto mwingine atakayelishwa sayansi ya mabaki.

Jumatano, yapata saa nne asubuhi, watu wakiwa kwenye chai, aliinua kichwa.

"Wifi, unachapa nini?"

"Nachapa chai," alijibu wifi yake, mdomo umejaa.

"Mbona diski yako inahangaika hivyo, kama panya kabatini?"

"Iko hivyo tangu jana. Nzito kama meneja akiombwa likizo."

Bi Nukta hakucheka. Alivaa vipokea sauti vyake vya masikioni, akafungua folda waliyokuwa wakiitumia pamoja. Kompyuta yake ilikuwa na programu inayosoma skrini kwa sauti. Yeye aliiita Kasuku. Kasuku akasoma: sura ya nane. Halafu, badala ya kunyamaza, akaongeza mkia wa herufi zisizo na maana, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Sura ya tisa nayo ilikuwa na mkia. Sura ya kumi haikuwa nao. Alifunga folda, akaifungua tena. Sura ya kumi sasa ilikuwa na mkia.

Hapo ndipo alipoelewa. Mkia ulikuwa unatembea. Kuna mtu yumo ndani, tena yuko kazini saa hii hii.

Hakumwomba mtu ruhusa. Aliinama chini ya meza, akapapasa mpaka akaushika waya mnene uliolisha kompyuta zote za chumba kile pamoja na kile kisanduku cha mtandao, akaung'oa ukutani. Mashine zikazimika. Hata panya wa kabatini akanyamaza.

Meneja alitoka ofisini kwake amefura. Alisema mengi: kwamba kompyuta hazizimwi hivyo, kwamba kazi ya watu imepotea, kwamba mtu mzima hang'oi nyaya kama mbuzi anayekula kamba. Kompyuta yake mwenyewe haikuzimika, kwa kuwa ilikuwa na betri ya akiba, na alilitaja hilo kwa fahari. Kisha alirudi ofisini kuendelea na kazi, na baada ya muda mfupi ikasikika sauti yake, sasa ndogo kabisa, ikimwita mchapaji aje asome.

Wifi aliusoma ujumbe uliojaza skrini. Faili zenu zote zimefungwa. Ufunguo tunao sisi peke yetu. Lipeni ndani ya saa sabini na mbili, la sivyo hamtaziona tena. Na chini yake, alisema, kuna saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma.

"Inalia?" aliuliza Bi Nukta.

"Hailii, wifi. Inakimbia tu."

"Basi mimi hainihusu. Mwiteni fundi."

Fundi wa kompyuta waliyezoea kumwita Bisibisi alifika kabla ya adhuhuri, mkoba begani. Jambo la kwanza aliizima kompyuta ya meneja, baada ya kuandika saa ile nyekundu inavyosema. Jambo la pili aliuliza nani kafungua nini. Wifi akaanza kulia na kueleza kwa pamoja.

Jumatatu ilikuja barua pepe iliyoandikwa kama imetoka kwa wachapishaji, na kiambatisho kinachoitwa Masahihisho ya Sayansi. Alipokifungua kiliandika kwamba waraka umelindwa, bonyeza Ruhusu uusome. Akabonyeza. Ukatokea ukurasa mweupe. Alidhani wamekosea kutuma, akaendelea na kazi zake.

Bisibisi alitikisa kichwa. Alisema kirusi cha aina hiyo hakiingii kwa kishindo. Kinakaa kimya siku mbili tatu, kinajifunza njia za nyumba, kinafuta zile nakala za siri ambazo kompyuta hujiwekea yenyewe, kinatazama mashine gani zimeunganishwa na ipi. Kikishajua kila mlango, ndipo kinaanza kufunga faili moja baada ya nyingine. Ule ujumbe mwekundu huja mwisho, shughuli ikiwa imekwisha.

"Lakini dada," alimwambia Wifi, "uliulizwa kabisa. Kwa nini hukusita?"

Aliyejibu ni Bi Nukta.

"Mimi ndiye niliyemfundisha asisite."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma kuisema. Programu ndogo ya kugeuza maandishi kuwa nukta ilikaa ndani ya waraka wenyewe, na kila ukiufungua waraka, kompyuta inauliza kama unairuhusu ifanye kazi. Mara arobaini kwa siku. Siku ya kwanza Wifi alipouliza maana ya swali lile, Bi Nukta alimwambia asijisumbue, akiulizwa aruhusu tu. Katika ofisi nyingine mtu angeshtuka. Pale kwao Ruhusu lilikuwa kama kufuta pua.

Meneja alijitutumua. Alisema hakuna neno, nakala za akiba zipo, diski ya nje iko palepale kwenye kompyuta yake.

"Palepale," alirudia Bisibisi. "Imechomekwa tangu lini?"

"Haijawahi kuchomolewa."

"Basi akiba yako ililala kitanda kimoja na mwizi, mzee wangu."

Meneja akakaa chini. Barua zote, orodha zote, picha za mjukuu wake. Akaanza kusema labda walipe. Bisibisi akasema anaweza kulipa leo na kesho akadaiwa tena, maana anayeshika ufunguo ni mtu asiye na sura wala aibu. Basi, meneja akasema, awapigie simu shuleni awaambie gari lisije.

"Usipige," alisema Bi Nukta. "Nipe mpaka saa nane."

Aliomba diski ya Wifi itazamwe, ile aliyoikatia umeme. Bisibisi aliifungua kompyuta, akaitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi, iliyotumia mfumo mwingine kabisa ambao kirusi kile hakiwezi kuamkia ndani yake. Akaanza kusoma majina. Barua, zina mkia. Picha, zina mkia. Sura zote tano alizochapa Wifi, ya nane mpaka ya kumi na mbili, zina mkia. Alikuwa akisoma taratibu kama mtu anayetaja majina ya marehemu. Kisha akasita.

"Kuna folda hapa inaitwa Nukta. Faili nne. Hizi hazina mkia."

Zilikuwa ndizo faili za mashine ya kutoboa nukta, sura zilizokwisha kugeuzwa. Bisibisi alisema kirusi hutembea na orodha: kinatafuta barua, picha, majedwali, vitu ambavyo watu watavililia. Huenda aina hii ya faili haimo katika orodha yake. Akaifungua mojawapo, akaguna. Koma, mabano, tarakimu, herufi zimeparamiana, hakuna neno hata moja.

"Pole," alisema. "Nazo zimevurugwa. Ni takataka tupu."

Wifi alifuta macho, akachungulia. Akasema polepole kwamba faili za nukta huonekana hivyo siku zote. Kila alama kwenye skrini inasimama badala ya fungu la nukta kwenye karatasi. Ila hata yeye hakuweza kusema kama ile ni takataka nzima au takataka mbovu. Kwa macho zilifanana.

"Macho yenu hayo," alisema Bi Nukta. "Toboeni ukurasa mmoja."

Chumba cha mashine kilikuwa na kompyuta yake, na waya ulipong'olewa asubuhi, mtandao ulikatika kabla kirusi hakijafika huko. Bisibisi aliikagua mara mbili, akaridhika. Mashine ilinguruma, ikagonga karatasi kwa ule mlio wake wa mvua ya mawe juu ya bati, ikatema ukurasa. Meneja akaupokea kwa mikono miwili, akampa.

Bi Nukta aliuweka mapajani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi vidole vyake vilikuwa vya baridi, akavisugua kwenye sketi. Kisha akavishusha juu ya mstari wa kwanza, vikaanza kutembea kutoka kushoto, na midomo yake ikavifuata.

"Sura ya nane," alisoma. "Upumuaji. Kila kiumbe hai hupumua."

Na kweli wote wanne wakapumua. Bisibisi alicheka mpaka akaegemea mlango. Mwizi aliingia, alisema, akapekua nyumba nzima, akazoa vyombo vya bati na kuiacha dhahabu sakafuni kwa sababu hajawahi kuiona.

Bado ilibaki sura ya kumi na mbili, ambayo Wifi alikuwa ameichapa lakini hajaigeuza. Hiyo ilikuwa imekwenda. Bi Nukta alivuta kibodi ya chumba cha mashine, akaweka vidole sita juu ya vitufe sita, kitufe kimoja kwa kila nukta, kama alivyofundishwa utotoni. Akamwambia wifi yake ashike kitabu cha kawaida amsomee, na asiruke hata neno moja.

Walifanya kazi hiyo mchana wote na Alhamisi kutwa. Wifi alisoma, na neno likimshinda alilikata vipande, silabi baada ya silabi, mpaka jasho likamtoka. Kwenye michoro alieleza mshipa unatoka wapi na unaingia wapi, na Bi Nukta akimrudisha nyuma bila huruma. "Unaingia kulia kwa nani, kwangu au kwa moyo?" Nyuma yao mashine ilikuwa ikinyesha mvua yake ya mawe. Meneja alikunja mikono ya shati akawa mtu wa kupanga kurasa na kubana vitabu, na hakuzitaja nyaya tena.

Ijumaa saa sita kasorobo kitabu cha tisa kilibanwa. Gari lilipiga honi nje. Dereva alilalamika kwamba maboksi ni mazito, na Bi Nukta akamwambia alalamike taratibu, amebeba mmeng'enyo mzima wa chakula.

Gari lilipokata kona, alimgeukia Bisibisi, aliyekuwa bado anasafisha kompyuta.

"Ile saa nyekundu ingekuwa imebakiza ngapi?"

Bisibisi alitazama karatasi yake. "Saa ishirini na mbili."

"Mwambie huyo mwizi azilalie."

Tangu siku hiyo diski ya akiba ilikaa kwenye droo, ikitolewa jioni kupokea nakala na kurudishwa jioni hiyohiyo. Programu ya kugeuza nukta ikahamishiwa mahali ambapo haikuwa na sababu ya kuuliza chochote.

Jumatatu iliyofuata, chai ikiwa mezani, Wifi aliacha kutafuna.

"Wifi, kuna barua hapa. Masahihisho ya Historia. Inataka nibonyeze Ruhusu."

"Tuna kitabu cha historia mezani?"

"Hatuna."

Bi Nukta aligeuza ukurasa. "Basi mwache nje. Nipe sukari."