Treni ya Anastasie

Watu wa fedha walifika kutoka Kinshasa, wakaketi mbele katika ukumbi wa parokia, wakatuuliza kwa nini Bunia ijengewe reli hadi Mahagi-Port, bandari ya ziwani. Mimi ndiye niliyesukumwa kusema, kwa sababu zamani nilifanya kazi ya treni kule Mungbere, na kwa sababu sinyamazi. Wenzangu wanasema mdomo wangu hauna breki. Siwakatalii.

Nikawaeleza juu ya samaki wa ziwa, ambao lori likikwama kwenye matope hununuliwa na nzi. Nikawaeleza juu ya ng'ombe wetu, mbao na maharagwe. Ukumbi ukapiga makofi. Hata Didier, jirani yangu ambaye tangu vita ananisalimia kwa kidevu tu, alipiga makofi.

Lakini hayo yalikuwa maneno ya mdomoni. Moyoni nilitaka treni moja yenye abiria mmoja: mke wangu, Anastasie. Wakati wa vita alikimbilia Mahagi-Port kwa dada yake. Lori alilopanda lilisimamishwa na kamba iliyokatiza barabara. Abiria wakaulizwa lugha za mama zao, na wengine wakashushwa, wasionekane tena. Yeye akaachwa apite. Tangu siku hiyo hapandi gari. "Treni, kamba haiwezi kuisimamisha," aliniambia. Mimi nami siwezi kuhama: Bunia ya leo, ukiacha nyumba tupu, ukirudi unakuta mwingine anapika ndani. Basi kila mmoja analala na ukuta wake. Wanasema amani imerudi. Mke wangu hajarudi, na nimechoka kuwa peke yangu.

Bwana mmoja wa Kinshasa, mpole, akauliza, "Mizigo tumesikia. Na abiria, muzee? Nani atapanda treni, na barabara iko?"

Ningeweza kutaja wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara. Nikasema, "Bibi yangu. Iko anaogopa kamba."

"Kamba gani?"

"Ile ya barabarani. Ya kushusha batu."

Bunia tuna desturi yetu. Mkutanoni, mambo ya vita huitwa "wakati ule", kisha mtu anakohoa na mazungumzo yanaendelea. Kwenye viti vile walikaa walioshika kamba na ndugu za walioshushwa, bega kwa bega, na amani yetu inasimama juu ya kikohozi hicho. Safari hii hakuna aliyekohoa. Didier akainuka, akatoka nje. Mwenyekiti wetu, mama Monique, akasema haraka, "Muzee amechoka. Tuendelee."

Waliendelea bila mimi. Mwezi uliofuata habari ikaja: fedha zitatengeneza barabara, na kila gari litalipa péage, ushuru wa kupita, ili barabara itunzwe. Mjini wanasema nimeivunja reli kwa mdomo. Waseme.

Nikampigia Anastasie simu. Nikamweleza kwamba barabara itakuwa pana, bila shimo, atatoka asubuhi na jioni yuko nyumbani.

"Na pale pa péage," akauliza, "gari batasimamisha na nini?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa.

"Na kamba," nikasema. "Lakini ni ya péage tu, mama Caleb."



"Kamba iko kamba, baba Caleb," akasema. "Weye umekula?"

"Nimekula," nikajibu, na sufuria ilikuwa bado inaning'inia ukutani.