Swichi ya Ukutani

Krr, krr. Kabla hakujapambazuka, diski ya kompyuta kuukuu ilikuwa ikikoroma gizani, na Mama Chiriku ameketi mbele yake kama anayeuguza mgonjwa. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama yake akimbembeleza mjukuu; kwingine haikuwepo.

Siku hizi kompyuta ilikuwa ikiganda ovyo. Mwalimu wake wa masomo ya jioni alishamwambia: sasisha programu inayoendesha diski, ila kwanza nakili kila kitu kwenye flashi, na umeme usikatike katikati. Sasa kunakili kulikuwa kumefika nusu.

"Bado unakifufua hicho kikongwe?" mumewe akauliza toka kitandani.

"Ya kale dhahabu, baba. Lala."

Mara akamwona Chiriku mlangoni. Kazi ya mtoto huyo, aliyopewa na mama mwenyewe, ilikuwa kuzima swichi zote za ukutani kila aamkapo, umeme usipotee bure. Na kidole kilishafika kwenye swichi ya kompyuta! Alitaka kupiga kelele, lakini alijua kuwa akimshtua tu, kidole kitabonyeza.

"Njoo nikupakate, mwanangu," akasema taratibu. "Hiyo leo tuiache."

"Na umeme je?"

"Leo umeme una kazi."

Mtoto akaja, akajikunyata mapajani. Kunakili kulipokwisha, mama akasasisha. Kompyuta ikazimika, kisha ikawaka yenyewe. Akaifungua ile sauti, na wimbo wa kubembeleza ukajaa chumbani.

Chiriku akainua kichwa.

"Huyo ni bibi yangu."