Anayelamba Ukuta

...damu ya nguvu, eti, damu ya nguvu, na Adolphine bado amekaa palepale kwenye benchi la kituo cha afya cha Baraka, amebana pamba kwenye kidole cha Nadège kilichochomwa kupimwa damu, chupa ya dawa ya kuongeza damu iko mapajani, ya mwisho, amepewa yeye, basi moyo unamchemkia nini, ni huyu muuguzi, infirmie Eugène, na ile sauti yake ya kujipendekeza, "Shika, mama Nadège, ya mutoto wako iko chini, sisi batu ya ziwa ni vile, bale ba milima bako na damu ya nguvu, hata sibapime," na Mukabera, yule mama wa ng'ombe aliyeshuka milimani na mwanawe Ihirwe, amesikia, ameinamisha kichwa tu... na ainamishe! dada yake yeye Adolphine, Anastasie, alibaki Makobola siku ile askari walipoua kijiji, hata kaburi hana, na wale askari walikuwa watu wa nani, wa kabila lake huyu... lakini si huyu, huyu hakushika bunduki, huyu alikuwa anakamua maziwa, maziwa, ndiyo, miaka yote amewaonea wivu maziwa yao akidhani ndiyo yanageuka damu, na mtoto wake yeye ni sombe, majani ya muhogo tu, na malaria, malaria na sombe... "Mama, niko na njaa," nyamaza kidogo, Nadège... na yule Ihirwe anafanya nini pale ukutani, anakwangua udongo kwa kucha, analamba, weee! analamba vilevile kama Nadège nyumbani, na mama gani hapa hajui, mtoto akianza kula ukuta damu imemwishia, na kiganja kile, cheupe! maziwa yote yale na bado cheupe, na Eugène hakukitazama, alitazama pua, pua ya mama mtu, ile nyembamba ya watu wa milima, akapima damu kwa macho, na Makobola walipimaje, si kwa macho vilevile, huyu damu yetu, huyu si yetu, risasi, kwisha, na leo neno lilelile limempa yeye chupa, kaipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, alisema aksanti! anamchukia Eugène, anamchukia Mukabera kwa kunyamaza, anaichukia chupa, na wakigawana nusu kwa nusu... hapana, mwanangu kwanza, Anastasie jamani... krr, krr, ukuta unakwanguliwa, pamba bado iko kidoleni, benchi ni lilelile, na mdomo unafunguka wenyewe, kwa ukali hadi Nadège anashtuka:

"Eugène! Achana na pua ya batu. Pima ule mutoto!"