Siku Jua Lilipotupoteza

Mwaka ule tuliohamia Entre Ríos, Argentina, bibi yangu Sosia aligombana na kila kitu. Kule Podolia, Ulaya, tulikotoka, Pasaka yetu Wayahudi huja theluji ikiyeyuka na miti ikichipua. Huku Pasaka ilikuwa inakaribia na majani yanapukutika.

"Brayna, mjukuu wangu," aliniambia, "meli ile imetupotezea miezi. Hii si Pasaka."

Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua nimwamini yeye au baba, aliyeshikilia kwamba ni Pasaka kweli.

Asubuhi moja baba alitupeleka kwa mkokoteni hadi kwa jirani yetu Kalman, tukachukue kopo la mafuta ya bata bukini ya kupikia sikukuu. Kurudi, tulirudi kwa miguu, kwani baba alikuwa ametangulia na mkokoteni. Nyumba yetu ilikuwa kusini mwa nyumba ya Kalman, na hakukuwa na barabara, nyasi tupu.

"Rahisi," alisema bibi. "Adhuhuri jua liko kusini. Tulifuate tu."

Tukalifuata. Tulitembea mpaka viatu vikanichubua, na nyumba haikuonekana.

"Bibi, mbona asubuhi haikuwa mbali hivi?"

"Nyamaza, utembee. Jua halidanganyi."

Mwishowe aliketi chini, kopo mapajani, hawezi hata kuinuka. Ndipo akatokea mwanamume juu ya farasi, kisu kirefu kiunoni, mjeledi mkononi. Bibi akanivutia nyuma yake. Kule kwetu, wapanda farasi wa namna ile walikuja kuchoma nyumba za Wayahudi.

Yule mtu akasema maneno tusiyoyaelewa. Akagusa kichwa chake kama anayefunga kitambaa, akaelekeza kidole kitambaa cha bibi, akacheka. Kisha akanyoosha mkono kule kule tulikotoka, kana kwamba wenye vitambaa kama kile wanaishi huko.

"Unaona? Anatudanganya!" bibi akaninong'oneza. "Anataka kuturudisha nyuma!"

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa ameshashuka, amefunga mjeledi kwenye tandiko, anasubiri. Sikujua kama ni mwizi au ni mtu mwema. Nilijua tu kwamba bibi hawezi kutembea.

"Bibi, panda."

"Una wazimu wewe?"

"Basi tulale hapa?"

Akapanda, huku akimlaani farasi, mwenye farasi na Argentina yote. Yule mtu akatembea kwa miguu, ameshika hatamu, nami nikimfuata nyuma, jua likituchoma migongo.

Mama alitupokea akilia. Baba alimshika yule mtu mikono yote miwili. Jina lake lilikuwa Nikanor, mchunga ng'ombe wa shamba la jirani.

"Mama," baba akamwambia bibi taratibu, "huku jua la adhuhuri hukaa kaskazini."

"Kaskazini! Nani kalihamisha?"

Baba akaeleza mambo ya dunia kuwa mviringo. Mimi sikuelewa. Bibi alisikiliza, halafu uso ukambadilika.

"Zelig mwanangu, kule kwetu nikisali nilielekea kusini, iliko Yerusalemu. Huku miezi yote hii nimelielekea jua la adhuhuri, nikidhani ndiyo kusini. Nimekuwa nikisali kuelekea wapi?"

Baba akatoka kwenda kuwauliza majirani. Jioni ile wanaume wa koloni, kijiji chetu cha wakulima Wayahudi, walibishana uani kwetu Yerusalemu iko upande gani mpaka sauti zikawakauka, na walipoinuka kusali, kila mmoja alielekea upande wake.