Mbinja ya Mumiani

Mimi nilitaka jini. Jini halina taabu: unamfunika mtu shuka jeupe, unampaka unga usoni, watazamaji wanapiga kelele, mnakwenda nyumbani. Lakini Biasha, aliyekuwa akijiona bosi wa sinema hata kabla hatujaishika kamera, alisema majini watu wameyazoea. Yeye alitaka mumiani.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru. Mwalimu wetu wa sayansi aliachiwa kamera ya filamu na Mzungu mmoja aliyefunga virago, akatuazima sisi pamoja na mkanda mmoja tu. Mkanda huo haukutosha filamu nzima, kwa hiyo tungetengeneza trela, kile kipande kifupi cha kuwatamanisha watu sinema inayokuja. Gari la sinema likifika shuleni siku ya Jamhuri, trela yetu ndiyo ingeonyeshwa kwanza. Filamu yenyewe haikuwapo wala isingekuwapo, na Biasha hakuiona hiyo kuwa kasoro.

Basi tukaanza utafiti, neno tulilolipenda kuliko kazi yenyewe. Msambweni nzima ilizijua habari za mumiani, wale watu wanaosemekana huwanyonya wenzao damu wakaiuze, ila wengi walituambia juu juu tu. Aliyetueleza kwa kituo ni Bi Mwanasha, bibi yake Biasha. Zamani, wakati wa vita vikuu, mtu mmoja asiyejulikana alipita pale kijijini akitafuta vijana wa kazi. Sefu, kaka yake Bibi, akaandamana naye. Hakuonekana tena.

"Alikuwa na koti jeupe la kumfika magotini," Bibi alituambia, "na mkoba wa ngozi. Na alikuwa akipiga mbinja, midomo kaibana hivi." Akaipiga mwenyewe, fupi fupi, kisha moja ndefu ya kushuka. Mwili ulinisisimka, na mimi si mtu wa kusisimka ovyo.

"Na Sefu alikuwa na kovu hapa, juu ya jicho la kushoto," akaongeza. "Hilo mmeliandika?"

"Tumeliandika, Bibi," Biasha akasema, na kalamu yake haikugusa karatasi. "Hilo koti, lilikuwa na vifungo?"

Tulipokwenda mara ya pili tulimkuta ametutolea viti nje, amevaa leso mpya ya sikukuu, na mahamri yako kwenye sinia. Akarudi palepale kwenye kovu, na Biasha akarudi palepale kwenye koti. Mimi nilikula mahamri nikajisemea kwamba bibi huyu anapenda kusikilizwa.

Mumiani wetu alikuwa Kaingu, mwenzetu wa darasani kutoka Kinango, mrefu, mpole, asiyejua kusema hapana. Koti jeupe tuliliazima chumba cha sayansi. Tulichagua gofu moja nyuma ya shamba la minazi, Jumamosi asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Nilimshauri Biasha awaarifu watu wa kwao. Akakataa.

"Trela ikijulikana haitishi, Matano," aliniambia.

Siku ilipofika Biasha akajilaza chali majanini, yeye ndiye wa kunyonywa damu, macho kayafumba, leso imemtoka kichwani. Kaingu akamwinamia na mkoba wake. Nikaiweka kamera jichoni.

"Piga mbinja," Biasha akamwamuru Kaingu.

"Kamera hii haishiki sauti," nikasema.

"Najua. Lakini akiipiga, uso wake unakaa vile ninavyotaka."

Nikamwacha afanye atakavyo, maana kubishana na Biasha ni kujitafutia homa. Kaingu akapiga mbinja, fupi fupi, kisha ile ndefu ya kushuka. Aliipata barabara.

Bi Mwanasha alikuwa akipita njia ya shambani na mzigo wa kuni. Niliusikia ukianguka. Hakupiga yowe. Alikuja mbio, yeye ambaye sikuwahi kumwona hata akiharakisha, akalikamata koti la Kaingu kwa mikono miwili.

"Sefu mlimpeleka wapi?"

Kutahamaki, wakwezi wameteremka minazini na mapanga yao. Mkubwa wao, Rai, akamfunga Kaingu kwenye mnazi kwa kamba ya kukwelea. Wanawake waliokuwa kisimani nao wakafika. Biasha akainuka, majani kichwani.

"Mjomba Rai, mfungueni. Huu ni mchezo wa shule."

"Kapewa dawa huyo," mwanamke mmoja akasema. "Hajui asemalo."

"Dawa gani?" akadakia mwingine. "Si ndiye aliyekuwa akituuliza, mumiani hupita njia ipi, huwapenda watu gani? Alikuwa akimtengenezea njia."

Kila swali la utafiti wetu likaturudia. Kaingu akajitahidi kutaja jina la babake na la kijiji chao, lakini lafudhi yake ya bara ilizidi kumponza. Rai akamuuliza ni mwana wa nani hapa. Hapakuwa na jamaa wa kusema ni wake. Panga likasogea shingoni mwake. Nami niliogopa, nasema wazi. Nilipokuwa nikitetemeka, kidole kikabonyeza kitufe, kamera ikanguruma.

"Kumbe ni hicho kisanduku," Rai akasema. "Damu imo humo."

Wote wakanigeukia. Biasha akaniwahi, akaninyang'anya kamera. Mwalimu alikwisha kutuonya kwamba mkanda ukipigwa na jua ndiyo basi, hakuna trela tena. Biasha alikifungua kifuniko, akauvuta mkanda wote nje, ukamwagika miguuni pake.

"Tazama, Mjomba. Damu iko wapi?"

Rai akaupitisha mkanda vidoleni, akaunusa. Akakipindua kisanduku, akakitikisa. Kisha akalichomeka panga mchangani, akaenda kumfungua Kaingu huku akinung'unika kwamba watoto wa shule watakuja kuwatia watu kitanzini. Kaingu akajisugua mikono pale ilipombana kamba.

Bi Mwanasha alikuwa hajaliachia koti.

"Kwa hiyo huyu siye."

"Siye, Bibi. Ni Kaingu, ninasoma naye."

"Na yale mliyokuwa mkiniuliza?"

"Yalikuwa ya mchezo huu," Biasha akasema polepole.

Bibi akaliachia koti, akalinyoosha kwa kiganja pale alipokuwa amelikunja. "Mimi nilidhani ni serikali," alisema. "Nilidhani sasa kwa kuwa ni yetu wenyewe, imewatuma nyinyi mwulize habari za waliopotea. Ndiyo maana nikavaa ile leso."

Biasha akaanza kulia. Nilisikia uchungu, nikatamani awe ni yeye peke yake aliyekuwa pale, nisihesabiwe.

Bibi akamtazama mjukuu wake, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuwa na hakika: "Lile kovu hukuliandika, sivyo?"