Kipande Alichokibania

Matumaini alitazama vile vioo viwili chini ya hadubini, akavitazama tena, kisha akakaa chini. Vyote vilibeba tishu ileile ya titi, ambayo maabarani walijua fika kwamba ina protini wanayoitafuta. Kingamwili ya chupa mpya iliikamata protini ikaipaka kahawia. Ya chupa ya zamani haikukamata kitu.

Sababu aliijua. Mwezi wa tatu umeme wa bwawa la Koni ulikatika siku mbili, friji ikawa kabati tu. Sheria ni kuijaribu chupa kwanza kwenye tishu hiyo inayojulikana, lakini kilikuwa kimebaki kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, naye akakibania. Tena alijiona mwangalifu, masikini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chupa nayo ina maradhi yake.

Kwa kipimo cha chupa hiyo alimwandikia Mama Zuhura, muuza vitenge wa mtaa wa Kikula, kwamba uvimbe wake hauna protini hiyo. Akanyimwa vidonge wanavyopewa wenye protini hiyo, akatundikiwa dripu zilizomnyonyoa nywele na kumfungisha duka. Leo alitarajiwa kliniki, na Matumaini alikuwa amempima upya: kahawia tupu.

"Umupatie vidonge, useme dawa mupya imefika," Daktari Adrien alimshauri. "Courant ya umeme kukatika haiko kosa yako."

Lilikuwa shauri tamu, na Matumaini alilitaka kweli. Lakini Mama Zuhura alipoingia, kilemba kimemlegea kichwani, akaanza kumwombea dua kwa kazi yake njema, Matumaini alimkatiza.

"Mama, usinishukuru. Ni minye nilikosa. Ile chupa ilikuwa imeharibika, na minye sikuijaribu kwanza. Uliteseka bule."

Mama Zuhura alikikaza kilemba chake. Matumaini alisubiri matusi. Aliyatamani hata, yangempunguzia mzigo.

"Na bale bengine?" mama akauliza taratibu. "Benye weye ulipima na ile chupa?"

Matumaini hakuwa amewafikiria. Tangu asubuhi dhamiri ilimsuta kwa huyu mmoja tu, aliyejua angekutana naye uso kwa uso. Akafungua rejista. Walikuwa saba. Wa kwanza aliitwa Arlette, na kando ya jina hilo, kwa mkono wake Matumaini mwenyewe, palikuwa na msalaba mdogo wanaowawekea waliokufa.