Kitanda cha Dirishani

Mambo yalianzia kwa mdogo wa mshauri wa saikolojia. Mshauri alikuwa amepanga chumba cha kazi ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, akaweka viti viwili, zulia na boksi la tishu, akaona yatosha. Mdogo mtu akamcheka. "Dada, watu wakupe siri zao hawajui hata umetokea wapi?" Akakaa kwenye kompyuta, akamtengenezea ukurasa: picha, jina kamili, shahada ya saikolojia aliyoianza akiwa na miaka arobaini na moja, miaka kumi na miwili ya unesi katika wodi ya wazazi, na kwamba anapenda hasa kuwasaidia waliofiwa na wanaokosa usingizi. Chini kabisa, dada asionekane mkavu, akaongeza kuwa hupenda kushona mapazia na kuogelea. Hilo la kuogelea lilitiwa chumvi. Mshauri huingia maji ya kiunoni, kisha hutoka.

Wateja wakaja. Mwezi wa tano akaja fundi wa lifti, mwanamume wa mabega mapana, mikono safi lakini kucha zimekula grisi. Alisema hapati usingizi. Mshauri alipouliza tangu lini, alijibu, "Zamani." Kisha yeye ndiye akaanza kuuliza.

"Hiyo wodi ilikuwa hospitali gani?"

"Ningependa kujua kwa nini hilo ni muhimu kwako," alisema mshauri, kama alivyofundishwa.

Fundi alicheka kwa meno tu. "Na uliacha mwaka gani?"

Siku hiyo, baada ya kumtoa, mshauri alijikuta amefunga dirisha ingawa hakukuwa na baridi.

Mara ya tatu fundi hakungoja kukaribishwa. Alikivuta kiti chake mpaka mlangoni, akakaa. "Mgongo wangu hautaki upepo," alisema. Mshauri alipima kwa macho: ili atoke, lazima apite juu ya magoti ya fundi. Simu ilikuwa mezani, hatua mbili. Chini, mashine ya kukata vioo ilikuwa ikilia.

Fundi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachia. "Soma."

Ilikuwa nakala ya ukurasa wa faili. Mwandiko aliujua kabla ya maneno, kwa kuwa ulikuwa wake. *Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kitanda cha dirishani. Mama amelala vizuri. Hana malalamiko.* Na sahihi, na jina lake kamili chini.

"Saa moja kasorobo nesi wa zamu mpya alimkuta ameshakufa," alisema fundi. "Mke wangu huyo. Mtoto yuko hai, yuko darasa la tatu. Kila mara ananiuliza mama yake alisema nini mwisho. Miaka tisa nakutafuta. Halafu natafuta kwenye simu mtu wa kunipa usingizi, kumbe ni wewe, unacheka kwenye picha."

Mshauri angeweza kusema hakumbuki. Manesi huona wazazi maelfu. Lakini kitanda kile hakikuwa kimemtoka akilini hata siku moja. Aliacha unesi miaka mitatu baadaye, akawaambia watu ni kiu ya elimu, hata mdogo wake akaamini.

"Naomba usogeze kiti kwanza," alisema. "Nitakujibu, ila si nikiwa nimezuiwa."

"Jibu kwanza."

Akashusha pumzi. "Sikumgusa. Kulikuwa na wawili wanajifungua kwa pamoja upande wa pili, na zamu yangu inakwisha. Nilisimama kwenye meza ya manesi, nikamtazama kwa mbali. Alikuwa kimya, nikaandika amelala. Sikumpima presha, sikufunua shuka. Damu ilikuwa inatoka chini ya shuka ile. Mkuu wa zamu aliniambia ninyamaze, nami nikanyamaza. Alichosema mwisho sikijui. Sikuwepo."

Fundi akasimama. Ngumi yake ilikuwa imekaza hata mishipa imetokeza, na mshauri akashika mkono wa kiti akingoja. Lakini yule mtu aligeuka, akaegemeza paji la uso mlangoni.

"Daktari aliniambia nesi aliyetoka zamu alimshika mkono mpaka mwisho," alisema, sauti imezibwa na ubao.

"Hapana."

"Nimemwambia mtoto hivyo miaka yote. Sasa nimwambie nini?"

Maneno mazuri ya kazi yalimjia mshauri, akayameza. "Hilo sina haki ya kukufundisha. Wala siwezi kuwa mshauri wako. Ningekuwa najitibu mwenyewe kwa machozi yako. Nitakupa jina la mwenzangu anayefaa. Jingine ninaloweza ni kuandika haya niliyosema na kuyatia sahihi."

"Andika."

Aliandika akiwa amesimama, akaweka saa na yote. Fundi akaisoma karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni, akakirudisha kiti mahali pake kwa utaratibu, akaondoka bila kuaga.

Mshauri alimpigia msimamizi wake, mama mtu mzima aliyekuwa akiipitia kazi yake kila mwezi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Wateja wako nitawapokea mimi," alisema. "Wewe kesho njoo kwangu, ukae upande wa wagonjwa."

Kesi ya fundi dhidi ya hospitali ilifunguliwa kabla mwaka haujaisha. Mdogo wake alimlaumu wiki nzima: umejichongea mwenyewe, nani alikulazimisha? Mshauri alikwenda kutoa ushahidi, akaulizwa maswali ya aibu mbele za watu, akayajibu yote. Baraza la taaluma yake likamsimamisha kazi miezi sita, naye akaona wamemhurumia.

Siku ya ushahidi, nje ya ukumbi wa mahakama, msichana mwembamba aliuachia mkono wa fundi, akamjia mshauri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ulimwona mama. Nywele zake zilikuwaje?"

Mshauri akachuchumaa. Jibu la hilo alikuwa nalo. "Alikuwa amesuka za kulala nyuma," alisema. "Msuko mmoja wa pembeni ulikuwa umefumuka, umemwangukia shavuni."

Mtoto aliufikiria msuko huo, kisha akarudi kwa baba yake, wakashuka ngazi.